Kiharusi na Daktari wa Mbali

Kiharusi hakingoji. Damu huganda ikaziba mshipa wa ubongo, au mshipa wenyewe ukapasuka. Dawa ya kuyeyusha damu hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita tangu dalili zianze. Lakini aliyepasukiwa na mshipa akipewa, yaweza kumwua! Kwa hivyo ni lazima ubongo upigwe picha kwanza.

Kule Bavaria, Ujerumani, mwaka wa 2003 mabingwa wa Munich na Regensburg walianza kuwapima wagonjwa wa hospitali ndogo kwa video. Je, video pekee ilitosha? Hata! Hospitali hizo zilianzisha wadi za kiharusi, wauguzi wakafunzwa. Mimi naonelea daktari wa mbali bila mashine, dawa na muuguzi kando ya kitanda atamtazama mgonjwa tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.