MWANGA NA HEWA KWA NDEGE ANAYEFUGWA NYUMBANI

Katika mitaa yetu hukosi nyumba moja au mbili zenye tundu la ndege sebuleni. Aghalabu ni wale kasuku wadogo wa kijani, samawati au manjano ambao asili yao ni Australia. Hao ndio nitakaowazungumzia. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni habari nyingine. Mkutano wa CITES wa mwaka wa 2016 kule Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaotolewa mwituni, na hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Ukiona mtu anakuuzia kinda wa porini barabarani, achana naye.

Haya, swali. Tundu likiwekwa kando ya dirisha lililofungwa, je, ndege amepata jua? Wengi watajibu ndiyo. Jibu ni la. Ndani ya mwanga wa jua mna mionzi ya urujuanimno ambayo macho ya binadamu hayaioni. Sehemu ya mionzi hiyo humsaidia ndege kutengeneza vitamini D, na bila vitamini D hata akila chakula chenye kalsiamu hakimfaidi sana. Mifupa hulegea. Jike hutaga mayai yenye ganda laini, au yai linamkwama ndani na anakufa. Sasa kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu sehemu hiyo yote. Joto linapita, mwanga unapita, lakini kile ndege anachokihitaji kinabaki nje.

Isitoshe, ndege mwenyewe huona urujuanimno. Kasuku hawa wadogo wana manyoya ya kichwani yanayong'aa kwa namna ambayo sisi hatuioni vizuri, nao huyatazama wanapochaguana. Kumfungia ndani siku zote ni kumpunguzia rangi za dunia.

Dawa yake haina gharama. Toa tundu nje asubuhi, nusu saa hivi, kabla jua halijawa kali. Funika upande mmoja kwa kitambaa ili ajisogeze kivulini akitaka, maana ndege hatoi jasho. Joto likimzidi utamwona ametanua mabawa na anahema mdomo wazi. Mrudishe ndani haraka. Na usimwache peke yake hata kidogo! Paka wa jirani anazihesabu dakika hizo vizuri kuliko wewe, na mwewe pia. Kuna taa maalumu zinazotoa mionzi hii, nazo zinawafaa watu wa nchi za baridi ambako jua ni la kubahatisha. Kwetu sisi tulio kwenye ikweta, kununua taa hiyo naona ni kutia maji baharini.

Usiku nao una haki yake. Ndege huyu anahitaji giza la saa kumi hadi kumi na mbili. Katika sebule ambamo televisheni inawaka mpaka saa tano usiku, hapati usingizi hata ukimfunika kwa shuka, kwa sababu shuka halizuii kelele. Heri kumhamishia chumba kingine jua linapotua. Tena zile taa za mirija za zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hertz 50. Sisi hatutambui, lakini baadhi ya ndege huona taa inapepesa.

Tuje kwenye hewa, na hapa si mchezo. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa hupita mapafuni kwa njia moja tu, hivyo anapata oksijeni hata anapotoa pumzi. Ni mpango mzuri wa kuruka, ila sumu nayo humwingia upesi. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo wa manjano jamii ya chiriku. Ndege akianguka, watu walijua kuna kaboni monoksidi, wakatoka mbio. Desturi hiyo iliendelea hadi 1986, mitambo ilipochukua nafasi yao.

Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la makaa. Mtu anayeishi chumba kimoja na kupikia humo humo, kwa maoni yangu, asifuge ndege. Ati atafungua dirisha? Mvua ikinyesha atalifunga. Na kama ndege amezirai kwenye tundu, watoto waliolala chumba hicho wako hatarini pia. Watolewe nje kwanza. Dawa ya mbu ya kupuliza au ya kuchoma isitumiwe karibu naye. Vilevile kikaango kisichoshika chakula, kikisahauliwa motoni kikapata moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoweza kuua ndege hata aliye chumba cha pili.

Ukitaka kumwachilia aruke ndani, funga mlango, vuta pazia ili asigonge kioo, funika ndoo za maji na zima feni. Parachichi liondolewe mezani, kwani kwake ni sumu.