Viti Visivyogombewa: Hesabu ya Ushindani Usiofanyika

Kila msikilizaji wa redio hapa Tanzania anaufahamu usemi wa "kupita bila kupingwa". Maana yake ni kwamba siku ya mwisho ya kurudisha fomu alionekana mgombea mmoja tu, naye akahesabiwa mshindi kabla ya kura hata moja kupigwa. Katika makala haya tutaichunguza sura moja ya jambo hilo, yaani pale chama cha siasa kinapoamua chenyewe kutosimamisha mgombea mahali ambapo kinadhani hakiwezi kushinda. Uamuzi huo huonekana kuwa wa busara: kwa nini kumwaga maji jangwani? Hata hivyo, ukipimwa kwa hesabu, busara yake ina mashaka.

Aina tatu za kiti kisichogombewa

Mwanasayansi huanza kwa kutenganisha vitu vinavyofanana kwa nje. Aina ya kwanza ni mapatano. Mwaka 1903 nchini Uingereza, chama cha Liberal kilipatana kwa siri na kamati iliyokuja kuwa chama cha Labour kwamba katika majimbo kadhaa wasigombanie kura zile zile. Katika uchaguzi wa 1906 kamati hiyo ilipata viti 29. Hapo kutogombea kulikuwa mbinu ya kupata ushindi.

Aina ya pili ni kuzuiwa au kususia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 nchini Tanzania, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walikuwa wameenguliwa. Sababu za aina hii hutafutwa katika sheria na usimamizi wa uchaguzi, wala si katika hesabu ya chama juu ya uwezekano wa kushinda.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo mada yetu, ni kukata tamaa. Katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wa 1900, viti 243 kati ya 670 vilipata wabunge bila kupingwa. Kugombea kulikuwa ghali, na wabunge hawakuanza kulipwa mshahara mpaka 1911. Kwa hiyo wachache walikuwa tayari kutumia fedha zao mahali palipojulikana kuwa ngome ya wapinzani. Vyama vilipojijenga nchi nzima, hali ilibadilika. Mwaka 1951 viti vya namna hiyo vilikuwa vinne tu, vyote vya Ireland ya Kaskazini, na tangu hapo uchaguzi mkuu nchini humo haukuwa tena na kiti kisichogombewa. Funzo la kwanza, basi, ni kwamba jambo hili si kanuni ya maumbile. Lina sababu zake, na sababu zikiondoka nalo huondoka.

Dhana isiyojaribiwa

Chama kinaposema "jimbo hili halishindiki", kimetoa dhana. Katika maabara, dhana hupimwa kwa jaribio. Lakini chama kisiposimamisha mgombea, jaribio halifanyiki, na dhana hubaki kama ilivyokuwa. Mwaka unaofuata viongozi hutazama matokeo ya nyuma, wakaona chama hakikupata kura yoyote pale, wakasema: "Mnaona? Pale hatuna watu." Sifuri iliyotokana na kutokuwapo huchukuliwa kama sifuri iliyotokana na kukataliwa. Hizi ni sifuri mbili tofauti kabisa, ingawa katika jedwali la matokeo zinaandikwa namna moja.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme chama kina majimbo magumu 12, na katika kila moja uwezekano wa kushinda ni 1/10 tu. Kwa kila jimbo peke yake, uwezekano wa kushindwa ni 9/10. Ikiwa matokeo ya jimbo moja hayategemei ya jingine, uwezekano wa kushindwa yote 12 ni 0.9 iliyozidishwa yenyewe mara 12, yaani takriban 0.28. Kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau kiti kimoja ni 1 − 0.28 = 0.72. Chama kisipogombea, uwezekano huo ni 0. Kiongozi anayetazama jimbo moja moja huona mara kumi na mbili kwamba haifai kugombea. Anayeyatazama yote pamoja huona kwamba inafaa.

Ni kweli kwamba majimbo hayako huru namna hiyo. Upepo wa siasa ukigeuka, hugeuka katika majimbo mengi kwa wakati mmoja. Hapo uwezekano wa kutopata kiti chochote huongezeka, lakini pia huongezeka uwezekano wa kupata viti vingi kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba fomu hurudishwa miezi kabla ya uchaguzi, wakati hakuna ajuaye upepo utavuma wapi. Asiyetweka tanga mapema hanufaiki na upepo ukija.

Mfano wa Virginia, 2017

Marekani ni nchi yenye vyama viwili vikubwa, na katika mabunge ya majimbo yake ni kawaida kuona viti vingi vikigombewa na kimoja tu kati ya hivyo. Jimbo la Virginia lina Baraza la Wajumbe lenye viti 100, linalochaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2017, chama cha Republican kilikuwa na viti 66 na chama cha Democratic 34. Wengi waliamini kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa. Lakini takwimu za uchaguzi wa rais wa 2016 zilionyesha kwamba Hillary Clinton, mgombea wa Democratic, aliongoza katika maeneo 17 ambayo wajumbe wake walikuwa wa Republican. Sifa ya maeneo hayo ilikuwa imedumu kuliko hali yake halisi.

Mwaka 2017 chama cha Democratic kilisimamisha wagombea katika maeneo 88 kati ya 100. Kilinyakua viti 15. Katika eneo la 94, la Newport News, wagombea wawili walipata kura 11,608 kila mmoja, na tarehe 4 Januari 2018 mshindi akapatikana kwa bahati nasibu: jina la David Yancey wa Republican ndilo lililochomolewa katika bakuli. Baraza likawa na viti 51 kwa 49.

Matokeo yake hayakuishia katika kuhesabu viti. Kwa miaka kadhaa Baraza lilikuwa limekataa kupanua Medicaid, mpango wa serikali wa kugharimia matibabu ya wenye kipato kidogo. Mwezi Mei 2018 upanuzi huo ulipitishwa kwa kura 67 dhidi ya 31, baadhi ya wajumbe wa Republican wakiunga mkono. Watu wapatao 400,000 walikisiwa kustahili. Mgonjwa aliyepata dawa mwaka 2019 huenda hakujua kwamba matibabu yake yalianzia siku ile watu fulani walipokubali kugombea mahali palipodhaniwa hapashindiki.

Tujihadhari na hitimisho la haraka

Haifai kusema kwamba wingi wa wagombea ndio uliosababisha ushindi. Mwaka ule wapiga kura wengi walikuwa na hasira na serikali ya Rais Donald Trump, na hasira hiyo ingekuwapo hata wagombea wangekuwa wachache. Lakini hasira isiyo na jina kwenye karatasi ya kura haigeuki kuwa kiti. Kuwapo kwa mgombea ni sharti la lazima, ingawa si sharti la kutosha. Kadhalika fedha na watu wa kufanya kampeni ni haba, na chama hakiwezi kupigana kwa nguvu sawa kila mahali. Kusimamisha mgombea ni jambo moja. Kumwaga fedha zote nyuma yake ni jambo jingine.

Anayepoteza zaidi ni mpiga kura. Mjumbe asiyepingwa haulizwi maswali, wala hatakiwi kutoa hesabu ya kazi yake. Jambo hili lilitambuliwa hata katika mfumo wa chama kimoja: Tanzania katika uchaguzi wa 1965 ilipanga wananchi wachague kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wabunge wengi, wakiwamo baadhi ya mawaziri, walishindwa. Kama wangepita bila kupingwa, nani angejua kwamba wananchi wamewachoka?

Maswali ya kujadili darasani

1. Rudia hesabu yetu kwa majimbo 20 yenye uwezekano wa 1/20 kila moja. Je, jibu linakushangaza?

2. Virginia mwaka 2017, Republican hawakugombea katika maeneo 28 na Democratic katika 12. Kwa nini si sahihi kujumlisha kura zote za jimbo na kudai kwamba jumla hiyo inaonyesha nguvu halisi ya kila chama?

3. Katika kata yako, tafuta kiti kilichowahi kupatikana bila kupingwa. Kilikuwa cha aina ipi kati ya zile tatu, na ungethibitishaje?