CHAMA KISIMAME KWA MIGUU YAKE

Vyama vingi vijijini huanza kwa msaada. Mfadhili akiondoka, chama nacho hulala. Tufanyeje? Leo tujifunze kwa jirani zetu.

Kutoka hapa Maramba tunaiona milima ya Usambara Mashariki. Huko Amani, mwaka 2001, shirika la kuhifadhi misitu lilianza mradi wa kufuga vipepeo pamoja na wanavijiji. Kiwavi akishajifungia katika ganda, kabla hajawa kipepeo, aliuzwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Katika kila shilingi 100 za mauzo, wafugaji walipata 65. Shilingi 7 zilikwenda kwenye mfuko wa maendeleo ya vijiji. Zilizobaki 28 ziliendesha mradi wenyewe.

Hapo tunapata somo la kwanza: fedha ya kuendesha chama itengwe mapema, isingoje mabaki.

Somo la pili ni chungu. Mwaka 2016 serikali ilizuia kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Vipepeo nao wakazuiwa. Aliyetegemea vipepeo peke yake alikwama. Kumbe kutegemea soko moja ni sawa na kutegemea mfadhili mmoja!

Sasa tupige hesabu. Tuseme chama kina watu 20. Kila mmoja hutoa ada ya sh. 1,000 kwa mwezi. Jumla ni sh. 20,000. Matumizi ni sh. 32,000. Zimepungua sh. 12,000. Msikimbilie kuandika barua ya kuomba. Tafuteni kazi mbili zisizofanana, kwa mfano kuuza miche ya michungwa na kukodisha viti vya arusi. Kila kazi ikiingiza faida ya sh. 6,000 kwa mwezi, pengo limezibika.

Je, tukatae msaada? Hapana. Ukija, tununue kitu cha kuzalisha, kama viti hivyo. Tusiumalize kwa posho za vikao.

Mwisho, mweka hazina asome daftari mbele ya wanachama kila mwezi. Zamani tulisema hatujui kusoma. Leo tunajua, basi tukague wenyewe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Chama chenu kinatumia shilingi ngapi kwa mwezi?
2. Kina njia ngapi za mapato?
3. Njia moja ikifungwa kesho, mtaendeleaje?