Gari la Zamani Likigoma, Soma Plagi Kwanza

Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966 hadi 1968. Lakini bingwa naye huzeeka. Ukiikuta ya babu pale Makorora inakata moto, mwenye pupa atakwambia, "Nunua kabureta." Subiri kwanza, mdau. Bumu halichezewi.

Injini ya petroli inadai vitu vinne: mafuta, hewa, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Fungua plagi uisome. Ya kahawia iko sawa. Masizi meusi makavu: mafuta yamezidi hewa. Nyeupe: mafuta hayatoshi, au injini inachemka. Imelowa petroli? Shuku cheche.

Hapo fungua kifuniko cha distribyuta, utazame pointi. Hewa yetu ya chumvi huzichafua. Zisugue kwa msasa laini, upime mwanya: magari mengi ya zama hizo hutaka kama milimita 0.4. Rekebisha kitu kimoja, piga stata, ndipo uhamie kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, likiwaka hutajua kilichoponya ni kipi.

Walimu watarajiwa, somo ni hilohilo: mtoto akifeli, tafuta kwanza alipokwama. Fimbo haisomi plagi.