Dondoo muhimu: Gari likichemsha, usikubali kung'olewa themostati

Gari likichemsha, mafundi wengi hung'oa themostati, na kwa kuwa mshale wa joto hushuka, mwenye gari huamini limepona. Mshale umeshuka kwa sababu maji sasa yanapita kwenye rejeta muda wote. Chanzo bado kipo: rejeta iliyoziba kwa kutu, mfuniko usioshika presha, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Kweli, themostati iliyokwama huchemsha injini, lakini hilo hupimwa kwa dakika chache tu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Nzima hufunguka, mbovu hubaki imefumba. Ikiwa mbovu, nunua nyingine.

Wapo wanaosema nchi zetu zina joto, kifaa hicho ni cha Ulaya. Hoja hiyo haisimami. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 90 za Selsiasi, na jua la Dar es Salaam, hata likipandisha joto hadi nyuzi 33, liko mbali na hapo. Bila themostati injini huchelewa kufika joto lake, na injini ambayo haijafika joto hilo hupewa petroli zaidi na kompyuta ya gari, kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Matumizi hupanda, oili huchafuka, silinda huliwa. Basi anzia kwenye chanzo: injini ikishapoa kabisa (maji yenye presha huunguza vibaya), fungua rejeta uangalie kiwango cha maji, kisha chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili ina rangi ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe tena, mwite fundi.