Mkopo si Ufadhili: Msamiati wa Kulipia Masomo ya Chuo Kikuu

Makala haya yanachunguza maneno tunayoyatumia kuzungumzia fedha za masomo ya chuo kikuu nchini Kenya. Maneno yenyewe ni ufadhili, basari, mkopo na mchango wa familia. Aghalabu hutajwa kwa pamoja hata mipaka baina yake ikafifia, na kufifia huko kuna watu wanaoishia kukulipia.

Tuanze na kitenzi. Kopa huzaa kopesha, mkopo, mkopaji na mkopeshaji, na katika kila umbo wahusika ni wawili na deni ni moja. Kiswahili hutenga pia azima, ambapo hurudishwa kitu kile kile kilichochukuliwa, ilhali aliyekopa hurudisha thamani yake. Kuna vilevile wia, yaani kumdai mtu, anayedaiwa huwiwa. (Inasikitisha kwamba kitenzi hiki kizuri twakisikia kwa nadra siku hizi.) Fadhili, kwa upande wake, ni kumtendea mtu wema, na wema huo haudaiwi. Ndiko lilikotoka neno ufadhili. Basari, kama zile za mfuko wa maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003, nazo hazirudishwi.

Sasa sikiliza mazungumzo ya bwenini. Ni nadra mwanafunzi kusema, "Nimekopa." Husema, "Helb imeingia." Kiima cha sentensi hiyo ni bodi, mkopaji ametoweka kabisa. Wenzetu wa Tanzania huziita fedha kama hizo bumu, neno ambalo halina hata harufu ya deni.

Historia inatuonyesha kwamba jambo hili si dogo. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi ulipoanza katika miaka ya 1970, wengi waliuchukulia kuwa ruzuku isiyorudishwa, na hapakuwa na sheria madhubuti ya kuwadai. Marejesho yalizorota. Ndipo mwaka 1995 Bunge lilipounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Sheria hiyo inamtaka mkopaji aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na anayekaidi hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga ya mhitimu huanza angali anatafuta kazi. Mwandishi wa makala haya anawiwa hadi leo.

Mpango wa mwaka 2023 ulizidisha utata kwa kuyaweka maneno hayo katika barua moja. Wanafunzi waligawanywa kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Katika kundi la wahitaji, ufadhili ulikuwa asilimia 53 ya gharama, mkopo 40 na familia 7. Mwaka 2024 makundi yakawa matano, na familia za kundi la juu zikatakiwa kutoa asilimia 40. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo unakiuka katiba, na shauri likaenda katika rufani.

Mdogo wangu wa kike alipata barua yake mwaka huo wa 2023. Baba aliisoma kwa sauti sebuleni, akajumlisha 53 na 40, kisha akatangaza kwa furaha kwamba serikali imelipa 93 katika kila 100. Alisema hakuna haja ya kuwasumbua jamaa kwa mchango. Hizo 7 angezimudu mwenyewe.

Sikumlaumu. Maneno yote mawili yalikuwa chini ya nembo ya taifa, na kwa mzazi aliyezoea harambee, kinachotoka nje ya nyumba ni msaada.

"Baba," mdogo wangu alisema kwa upole, "hiyo arubaini ni yangu."

Baba alinyamaza. Mama ndiye aliyeuliza maswali ambayo mwanaisimu angeuliza: nani anampa nani, nani atarudisha, na lini? Nilipomjibu kwamba mkopaji ni binti yake, na kwamba kuna riba, baba aliomba kalamu. Nyuma ya bahasha akaandika: Serikali 53. Binti yangu 40. Mimi 7. Akaitazama orodha hiyo kwa muda, kisha akaniambia nimpigie simu baba mdogo.