Anga ya Eneo la Ajali: Nani Huifunga, na kwa Ajili ya Nani?

Ajali inapotokea siku hizi, mara nyingi wa kwanza kufika si askari wala gari la zimamoto, bali simu za mkononi. Majeruhi hajatolewa chini ya vyuma, na tayari picha zake zimekwisha kufika kwa ndugu zake walio mbali. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jicho jingine juu ya simu hizo: ndege nyuki, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, inayoongozwa na mtu aliye chini. Imezoeleka katika harusi, mikutano ya hadhara na upimaji wa ardhi, na bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mpiga picha wa mtaani anaweza kuimiliki.

Somo la toleo hili linahusu kinachotokea ndege hiyo inaporushwa juu ya mahali ambapo watu wanaokolewa. Linahusu pia jambo la pili ambalo haliachani na la kwanza: serikali inapofunga anga juu ya eneo la maafa, mwananchi atajuaje kwamba imefungwa ili watu waokolewe, na si ili jambo lisionekane? Mifano mingi inatoka Marekani, kwa sababu huko yote mawili yamekwisha kutokea na kumbukumbu zake zimewekwa wazi.

Dakika ishirini za Cajon

Tarehe 17 Julai 2015, moto wa vichakani ulivuka barabara kuu namba 15 katika mlima wa Cajon, jimbo la California. Barabara hiyo ndiyo inayounganisha Los Angeles na Las Vegas, na siku ile ilikuwa Ijumaa, magari yamejaa. Moto ulipowafikia, madereva waliacha magari yao wakakimbia kwa miguu. Helikopta na ndege za kumwaga maji ziliitwa. Marubani wake wakaona ndege nyuki tano zikielea katika anga ileile, nao wakalazimika kujitenga na moto kwa takriban dakika 20. Magari yapatayo 20 yaliteketea. Kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha.

Hakuna awezaye kusema kwa uhakika kwamba dakika hizo zingeyaokoa magari hayo. Ila kila aliyewahi kusubiri gari la zimamoto huku paa la jirani likiwaka anajua dakika 20 ni nini. Viongozi wa wilaya ya San Bernardino walikasirika hata wakatangaza zawadi ya jumla ya dola 75,000 kwa atakayewataja waliorusha ndege nyuki juu ya mioto ya majira hayo.

Mtu anaweza kuuliza: chombo kidogo namna hiyo kinaizuiaje ndege kubwa? Jibu liko katika kimo. Ndege inayomwaga dawa ya kuzuia moto hushuka hadi futi 150 hivi juu ya ardhi, sawa na mita 46, kwa kuwa ikimwaga kutoka juu zaidi upepo huitawanya dawa. Kwa sheria za Marekani ndege nyuki ya kawaida huruhusiwa kuruka hadi futi 400, yaani mita 120 hivi. Kwa hiyo vyombo hivyo viwili hukutana katika tabaka moja la anga, lililojaa moshi, na rubani anayekwenda kasi hawezi kukiona kitu cha ukubwa wa sahani mpaka kimemfikia. Ndege nyuki si manyoya na nyama kama ndege wa porini. Ina mota, vyuma na betri ngumu, vitu vinavyoweza kupasua kioo cha rubani au kuingia katika injini. Kiongozi wa marubani anapoambiwa kwamba kuna moja angani, hana namna ya kujua iko wapi wala mwenyewe ni nani. Huwaondoa watu wake wote.

Hatari hiyo ilithibitika tarehe 9 Januari 2025, wakati mioto mikubwa ikiunguza mitaa ya Los Angeles. Ndege ya zimamoto iliyoazimwa kutoka Quebec, Kanada, yenye uwezo wa kuchota lita zipatazo 6,000 za maji ya bahari bila kutua, iligongana na ndege nyuki. Bawa la kushoto lilitoboka tundu la inchi 3 kwa 6. Rubani alitua salama, lakini ndege ikakaa chini kwa siku kadhaa wakati moto ukiendelea. Aliyerusha chombo kile alikuwa amesimama juu ya jengo la kuegeshea magari, akitaka tu kuona uharibifu. Alikituma umbali wa zaidi ya kilomita 2 hata asikione tena kwa macho. Alikiri kosa, akakubali kulipa zaidi ya dola 65,000 na kufanya saa 150 za kazi za kijamii. Hakukusudia ubaya wowote, na wengi wa wanaorusha ndege hizi juu ya ajali hawakusudii.

Faida ya kuonekana

Yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji aseme: basi anga ifungwe, na wapiga picha wote wafukuzwe. Haraka hiyo ina hasara yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi walitangulia kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 wakafariki. Nchi nzima ilifuatilia kwa picha zilizopigwa kutoka ufukweni, ikaona kamba zikivutwa, ikaona kilichokuwapo na kilichokosekana, na ndipo maswali kuhusu vifaa vya uokoaji ziwani yakaulizwa kwa sauti. Maswali hayo yangeulizwa kwa shida sana kama hakuna aliyeona.

Sheria ya Marekani inaitambua faida hiyo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, inaweza kuweka zuio la muda juu ya eneo kwa sababu tatu zilizoandikwa. Ya kwanza ni kuwalinda watu na mali dhidi ya hatari itokayo katika tukio lenyewe, na chini ya sababu hii haingii ndege yoyote isipokuwa ile iliyoelekezwa na kiongozi wa uokoaji. Ya pili ni kuzipa nafasi ndege za uokoaji. Ya tatu ni kuzuia msongamano wa watazamaji angani. Katika sababu ya pili na ya tatu umeachwa mlango: ndege iliyobeba waandishi wa habari wanaotambuliwa inaweza kuingia, mradi itoe taarifa ya safari yake mapema; na penye ndege za uokoaji, iruke juu ya kimo zinachotumia. Hata kwa ndege nyuki upo utaratibu wa kuomba ruhusa ya haraka wakati wa dharura, nao unazihusu pia kazi za habari zenye manufaa kwa umma. Mwandishi habaguliwi kwa kuwa mwandishi. Anachotakiwa ni kujulikana alipo.

Ferguson, au zuio lililotumika vingine

Mlango huo uliwahi kufungwa mahali palipostahili kuangaliwa sana. Halikuwa tukio la ajali, ila sheria iliyotumika ni ileile. Mwezi Agosti 2014, polisi katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, alimpiga risasi na kumuua kijana mweusi asiye na silaha, na maandamano makubwa yakafuata. Polisi waliiomba FAA ifunge anga, wakieleza kwamba helikopta yao ilikuwa imepigwa risasi. Zaidi ya maili za mraba 37 zilifungwa kwa siku 12.

Mwezi Novemba mwaka huo shirika la habari la Associated Press lilitoa rekodi za sauti lililozipata kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Ndani yake wasimamizi wa anga walisikika wakieleza kwamba polisi hawakujali ndege za abiria kupita hapo kutwa nzima. Wasiowataka walikuwa waandishi wa habari. Kuhusu helikopta iliyodaiwa kupigwa risasi, polisi walikiri kwamba haikupata uharibifu wowote, wala hawakuweza kutoa taarifa iliyoandikwa ya tukio hilo.

Kwa mtumishi wa umma habari hii si tamu kuisimulia, kwa kuwa inaonyesha jinsi neno “usalama” linavyoweza kugeuzwa pazia. Madhara yake hayakuishia Ferguson. Mwananchi aliyewahi kudanganywa kuhusu zuio moja halitii kwa moyo zuio la pili, hata kama la pili ni la kweli na chini yake kuna mtu amebanwa kwenye vyuma.

Zuio la kweli huwa na alama zake. Hutajwa aliyelitoa na sababu yake, huwa na mipaka ya eneo, kimo na muda, na huondolewa kazi ikiisha. Hueleza pia mwandishi aombe ruhusa kwa nani. Agizo lisilo na mambo hayo linaruhusu kuulizwa, kwa adabu na kwa maandishi. Lakini swali huulizwa baada ya kuishusha ndege nyuki, si ikiwa bado juu ya vichwa vya waokoaji.

Kwa mkazi wa kata

Hapa Tanzania usafiri wa anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na mwenye ndege nyuki hutakiwa kuisajili na kupata kibali kabla ya kuirusha. Ruhusa ya mwenye harusi, au ya mwenyekiti wa kijiji, haichukui nafasi ya kibali hicho.

Mwenye kibali akiikuta ajali, na amwone kwanza kiongozi wa uokoaji aliyepo, amwambie ana chombo gani na anataka kufanya nini. Huenda akakataliwa. Huenda pia akaombwa msaada, kwa kuwa picha ya kutoka juu inaweza kuonyesha mtu aliyenasa juu ya paa wakati wa mafuriko kabla mtumbwi haujamfikia. Akiwa tayari amerusha na akasikia mlio wa helikopta au ndege ikikaribia, aishushe papo hapo pasipo kungoja kuambiwa. Na sura za majeruhi na marehemu zisisambazwe. Ndugu zao bado hawajapewa habari.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na Polisi kwa namba 112.